Mzinga wa Mahrous na Mkate Wangu wa Kumimina

Mwaka wa themanini na tano mtoto wa ami yangu, Mahrous wa Sur, aliacha kuuza papa akaanza kuuza mizinga. Sisemi ile inayopigwa mwezi ukionekana. Nasema mizinga ya vita, yenye minyororo badala ya magurudumu, inayokwenda yenyewe bila ya kukokotwa na lori.

Alikuja kwangu Ibra amevaa bishti nyeusi yenye ukingo wa dhahabu, na saa ya mkononi kubwa kama kisahani. Bishti ilikuwa mpya, lakini gari lilikuwa lile lile, na papa wa miaka kumi hatoki garini kwa kufukiza udi. Jirani yangu Fakhriya alikuwa amekaa nami barazani. Mimi na yeye tulisoma pamoja Unguja mpaka darasa la sita, tukaolewa mwezi mmoja, tukaja huku Omani pamoja mwaka wa sabini na mbili, kwa hiyo hatuna adabu tukiwa wawili. Akavuta mtandio wake puani akaninong'oneza, "Bwana harusi kaja na samaki wake."

"Shikamoo, dada Mahfudha," Mahrous akasema.

"Marahaba. Papa wangu yuko wapi?"

"Safari hii sikuleta, dada. Papa nimeacha."

"Basi umekuja kufanya nini?"

Hakukasirika. Mahrous hakasiriki, ndiyo maana watu hununua kwake hata vitu wasivyovitaka. Akafungua mkoba akatoa kitabu cha picha, karatasi zake zinateleza kama zimepakwa samli. Picha ya kwanza ilikuwa ya mzinga umesimama juu ya theluji, na pembeni yake askari wanne wa Kizungu wamevaa makoti ya sufu, mashavu mekundu, wanacheka.

"Theluji hii wanaileta nayo," nikamwuliza, "au tutajitafutia wenyewe?"

"Dada, tazama mzinga, usitazame theluji."

Akatueleza jinsi alivyoipata kazi. Kampuni ya kigeni haiji kuuza huku kwa miguu yake, lazima iwe na wakili wake, mtu wa nchi, wa kuifungulia milango na kuinywea kahawa. Wale Wazungu walimtaka mtu anayejua injini. Mahrous alikuwa amewauzia wavuvi wa Sur injini nne za mashua, na tatu katika hizo ziliwahi kuwaka.

"Hii ni biashara ya dunia nzima," akasema, akapandisha mabega. "Huko juu kwenye Ghuba watu wanapigana mwaka wa tano sasa, na pande zote mbili zinanunua. Wasiopigana wananunua kwa kuwaogopa wanaopigana. Wauzaji ni nchi sita, saba. Kiwiliwili kinatoka nchi hii, bomba nchi ile, injini ya tatu, redio ya nne, unaunganishwa wanakoona wepesi, unapakwa rangi anayoitaka mnunuzi. Sultani mmoja akinunua kumi na mbili, jirani yake halali mpaka apate ishirini."

"Kama kanga," Fakhriya akasema. "Mmoja akivaa doti mpya harusini, wiki ya pili mtaa mzima wanayo, na aliyeanza keshachoka nayo."

Mahrous alifikiri kidogo akakubali kuwa ndivyo hasa.

Tukacheka sote watatu. Mimi nilicheka mpaka nilipouliza huo mzinga unakaliwa na watu wangapi ndani. Akasema watano. Nikaacha kucheka.

Kwa sababu mwanangu Musallam alikuwa askari wa mizinga. Ndiye mtoto wangu peke yake, miaka ishirini na sita, mrefu kama mlingoti, ana masharubu aliyoyatunza kuliko alivyoitunza mitende ya marehemu babake. Mizinga waliyokuwa nayo jeshini siku hizo ilikuwa ya kukokotwa, mtu anaipiga akiwa nje, anapata upepo. Hii mipya ina nyumba ya chuma. Na Musallam alikuwa keshachaguliwa kuwa dereva wa kwanza, wowote utakaonunuliwa.

Alipokuja likizo ya Ijumaa nikamwuliza. "Dereva anakaa wapi?"

"Mbele, mama."

"Na injini?"

"Mbele."

"Ubavu kwa ubavu?"

"Kuna ukuta wa chuma katikati. Mwembamba." Akaangalia chai yake. "Mwaka jana lililetwa gari jingine la chuma kujaribiwa. Mwenzetu mmoja alitolewa ndani kama kanzu inayotolewa kwenye maji ya kufulia. Alilala hospitali siku tisa. Mpaka leo akikaa juani anatapika."

"Mkasema?"

"Nani aseme? Sisi tuliokuja kutoka Afrika wanatuita watoto wa kivulini. Nikisema joto, wataniambia rudi kwenu kwenye minazi." Akaniinulia kidole, mtoto niliyemzaa mimi. "Na wewe usiseme, mama. Si kwa mjomba Mahrous, si kwa mtu. Usinitie aibu."

Nikamwahidi sitosema. Mimi ahadi huitimiza. Lakini huitimiza kama ilivyotamkwa, sizidishi.

Mkubwa wa kununua alikuwa Kanali Khelef, mtu wa Nizwa, mwembamba, mkimya, daima na bakora mkononi. Babake alikuwa dalali wa mbuzi. Aliyewahi kwenda Nizwa siku ya Ijumaa asubuhi anajua mnada ule ulivyo. Mbuzi hasimamishwi akatazamwa. Dalali anamkamata kamba anamzungusha mbele ya watu, raundi baada ya raundi, anataja bei huku anakwenda, na wanunuzi wamechutama duara wanamtazama miguu. Anayempenda anamzuia, anamfunua midomo, anamshika kiwele, anamwachia azunguke tena. Kanali Khelef alikulia kwenye vumbi lile, na akanunua mizinga kwa elimu ile ile.

Kampuni tatu ziliandika kuomba kuja kuonyesha mali zao mwezi wa Januari. Kanali akajibu mstari mmoja: Januari kila mbuzi mzuri, njooni Julai. Kampuni mbili zikaomba radhi. Ya Mahrous ikaja, maana Mahrous aliwaambia Julai kwetu kuna joto kidogo lakini kuna upepo.

Upepo upo, kweli. Hakuwaambia unatoka wapi.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe akaja kwangu tena. "Dada, nataka wageni wangu wale chakula cha nyumbani. Pilau, mchuzi wa kuku, na ule mkate wako wa kumimina. Kanali akishiba, kalamu yake itakuwa nyepesi."

"Na mzinga ataujaribu nani?"

"Musallam, nani mwingine. Kanali kasema muuzaji hashiki kamba siku ya mnada, atakayeupanda vitani ndiye atakayeuendesha. Fundi wetu keshamfundisha siku tatu."

Niliahidi kutosema. Kupika sikuahidi kutopika. Nikamwambia inshallah.

Uwanja wenyewe ulikuwa uwanda wa changarawe nje ya Ibra, njia ya kuelekea mchangani, hauna hata mti wa kufungia punda. Tulifika mimi na Fakhriya baada ya sala ya alfajiri, na masufuria yetu, makaa yetu, na mchele wa mkate niliouloweka tangu jana yake na kuusaga nyumbani. Nikautia tui na sukari na iliki na hamira, nikaufunika kwa kawa. Nilikuwa na mafiga mawili, nikaenda nyuma ya hema kubwa kutafuta jiwe la tatu.

Nikakuta jenereta inanguruma chini ya turubai, na pembeni yake mashine ya kutoa baridi. Imechomekwa mpira mnene kama mguu wa ndovu, na ule mpira umepita chini ya pazia la hema, umeingia tumboni mwa mzinga. Nikaweka mkono kwenye maungio. Baridi iliyotoka pale, mtu angeweza kuhifadhi samaki. Mzungu mmoja wa kampuni alikuwa amesimama hapo na tai shingoni, na Mahrous pembeni yake. Mzungu akanitolea salamu ya kijeshi. Mahrous akanitazama kama mtoto aliyekutwa na kidole kwenye asali.

"Mahrous," nikasema, "mzinga hauna kipoza hewa chake wenyewe?"

"Unacho. Kimeandikwa kitabuni."

"Kinafanya kazi?"

"Kinafanya kazi huko kwao, dada."

"Kwao kwenye theluji."

Akanisogelea, akaishusha sauti. "Dada, stara. Kanali atatia mkono, atahisi baridi, utazungushwa mara moja, atatia sahihi. Kisha tutakitengeneza, wallahi. Mimi na wewe damu moja, dada. Usinivue nguo mbele za watu."

"Anayeingia humo ni mwanangu."

"Dakika kumi tu."

Nilirudi jikoni na jiwe langu. Mtu mmoja alinambia usiseme kwa ajili ya aibu yake, wa pili ananambia usiseme kwa ajili ya stara yake, na wote wawili nawapenda. Katika maisha yangu sijapata kuzibwa mdomo na watu wawili kwa jambo moja. Fakhriya akaniuliza nina nini. Nikamweleza yote.

"Sasa utafanya nini?" akasema.

"Nitapika."

Kanali Khelef alifika saa tatu, na wakubwa wenzake wawili na askari kiasi. Ule mpira ulikuwa umeshachomolewa na kufichwa. Mzinga ukatolewa hemani, umepakwa rangi ya mchanga, mkubwa kama nyumba yangu ukiondoa choo. Kanali akauzunguka kimya. Akapiga minyororo kwa bakora. Akachungulia chini yake. Akatia mkono ndani ya mlango, akauacha humo kidogo.

"Baridi," akasema.

"Hivyo ndivyo ulivyo, Kanali," Mahrous akasema. "Mtu anaweza kupata mafua humo."

Hapo ndipo nilipotoka jikoni na sufuria yangu ya unga, kichwa nimekiinamisha kama mke mwema. Kiarabu changu ni cha kuokoteza, watu wa Nizwa wakinisikia hutafuna ukingo wa kilemba wasicheke, lakini siku ile kilinitosha.

"Mahrous, kaka yangu, samahani," nikasema. "Kule jikoni joto linauwahisha unga wangu, utachachuka kabla makaa hayajashika. Niuweke wapi penye ubaridi?"

Nilimjua Mahrous tangu anatambaa. Sifa ikianguka chini mbele yake hawezi kuiacha bila ya kuiokota.

"Weka ndani ya mzinga, dada," akasema, na kifua kikamtoka. "Mna baridi kushinda friji yako."

"Isiwe taabu."

"Weka," Kanali akasema.

Musallam alikuwa keshakaa kwenye kiti chake cha mbele, kichwa tu kinaonekana. Alinitazama jicho moja ambalo nikilikumbuka hata leo nacheka. Askari mmoja akanipokea sufuria, akaiweka kwenye rafu nyuma ya mabega ya mwanangu, na kawa yake juu.

"Fungeni milango," Kanali akasema. "Yote. Vitani hakuna anayekwenda na mlango wazi. Uzungusheni."

"Raundi moja, Kanali?" Mahrous akauliza.

"Kumi."

Mahrous akamtafsiria Mzungu. Sijui alimwambia ngapi, maana Mzungu alitabasamu.

Uwanja ulikuwa mpana, raundi moja inachukua dakika zaidi ya kumi na tano. Kanali akachutama kwenye ukingo wa kivuli kama mtu wa mnadani, bakora kaiegemeza begani. Raundi ya kwanza akausimamisha, akaamuru bomba lipandishwe, lishushwe, lipelekwe kulia na kushoto, ndiyo kumfunua mbuzi midomo. Mlango hakufungua. Akauachia tena. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu jua lilikuwa limeshapanda linatuchoma vichwa, na mchuzi wangu ukichemka bila ya kuombwa. Mzungu alikuwa amevua tai, kisha kola, kisha matumaini.

Mwanangu akiendesha chombo, alama yake chini ni mstari wa rula. Raundi ya nne niliitazama alama ile ikaanza kuyumba. Kidogo, kama mtu anayesinzia anaandika. Mzinga ukapita karibu mno na bendera ya kona, ukailaza.

"Mwenzangu," Fakhriya akasema, "mwanao."

"Naona."

"Mwambie Kanali."

"Siwezi. Nikisema kwa ajili yake nimemwua kwa njia nyingine."

"Basi?"

Nikajifunga mtandio kiunoni, nikachukua upawa, nikatoka kwenye jua, nikaenda kusimama katikati ya njia.

Fundi alikuwa amesema mzinga ule una uzito wa tani arobaini. Mimi wakati ule nilikuwa na ratili mia na hamsini, na upawa. Niliuona unakuja, unakua, unatetemesha changarawe chini ya viatu vyangu. Nikasoma nilichokijua. Ukasimama pima mbili mbele yangu, ukanipumulia moshi.

Kanali alikuja kwa mwendo wake ule ule, hakukimbia.

"Mama, una nini?"

"Unga wangu, Kanali."

"Unga?"

"Unga wa mkate. Sasa saa nzima na zaidi. Ukizidi hapo unageuka siki, na wageni watakula nini na chai? Nilisubiri raundi moja, sikusubiri kumi. Nifungulie nitoe sufuria yangu, kisha mzungushe mpaka Magharibi mkitaka."

Nyuma yetu askari walianza kucheka. Mahrous alijifunika uso kwa bishti. Kanali Khelef alinitazama mimi, akautazama mzinga, kisha akatazama ile alama chini iliyopinda, muda mrefu.

"Mfungulieni mama unga wake," akasema.

Mlango ulipofunguliwa ilitoka hewa kama ya tanuri la mkate wa boflo, na ndani yake harufu kali ya hamira, mtu wa Unguja angedhani kuna wagema wanashusha tembo. Unga ulikuwa umefura, umeitupa kawa, umemwagika kwenye rafu, umeteremka kwenye kiti. Askari wanne wakatoka wanatafuta ukuta wa kushika na ukuta hakuna. Musallam akatoka wa mwisho. Unga ulikuwa umemshuka shingoni mpaka mgongoni, na masharubu yake yote mawili yalikuwa meupe. Akakanyaga chini, akapepesuka. Nikamdaka.

Hapo nikaanza kumgombeza, kwa sauti ya kusikika mpaka Jalan. "Wewe kijana, hujui kuendesha. Tazama ulivyonimwagia mkate wangu. Kaa hapa. Kaa. Huendi popote mpaka nikusafishe, sitaki unga wangu ukatembee kambini."

Nikamkalisha kwenye kivuli cha hema, nikammwagia maji kichwani, dumu la kwanza, la pili, la tatu. Wale wanne nikawaambia na wao wana unga, nikawamwagia pia, ingawa hawakuwa nao. Hakuna aliyesema askari kaanguka kwa joto. Walichokiona ni mpishi mwenye hasira anaosha watu.

"Mama," Musallam akasema.

"Nyamaza. Kunywa."

Kanali alitia mkono ndani ya mzinga, safari hii hakuuacha. Akatia kichwa, akakitoa. Akajifuta uso.

"Asubuhi palikuwa na baridi humu," akasema.

Mahrous akairudisha bishti usoni.

"Marehemu baba alikuwa akinambia, ukimkuta mbuzi tumbo limejaa asubuhi na mapema, mwulize mwenyewe alimlisha chumvi kiasi gani jana. Mbuzi akila chumvi anakunywa, akinywa anavimba, mjinga anasema kanona." Akageuka kwa Mzungu, akamwonyesha mlango kwa bakora, kwa adabu kabisa. "Mwenye mali apande."

Mahrous akatafsiri kwa shida. Mzungu akapanda, akakaa chini ya ile rafu ya unga, kwa suruali yake ya kijivu. Milango ikafungwa, fundi wao akashika uendeshaji. Hawakufika nusu raundi, tukasikia chuma kinagongwa kutoka ndani. Alipotoka mashavu yake yalikuwa mekundu vile vile kama ya wale wa kwenye kitabu. Kilichopungua ni theluji na kicheko.

"Mnyama mzuri huyu," Kanali akamwambia Mahrous. "Mwendo anao, mdomo anao. Lakini mgonjwa. Mpelekeni akatibiwe, kisha mrudi."

"Januari, Kanali?"

"Julai."

Wageni walikula pilau bila ya mkate. Nilipokuwa nakusanya vyombo Mahrous akanijia, bishti kaikunja kwapani.

"Dada, umeniumbua."

"Mimi nimesema neno?"

"Hukusema."

"Nani kasema unga uwekwe ndani?"

Akafikiri. "Mimi," akasema.

"Basi. Chukua pilau uwapelekee watoto."

Musallam hakusema nami siku tatu. Alikuwa anakuja, anasalimu, anakula, anaondoka, kama mpangaji. Siku ya nne akasimama mlangoni.

"Mama, ulijuaje kama nilikuwa nazimia?"

"Ulikuwa unazimia?" nikasema. "Mimi nilikuwa nataka unga wangu."

Akaangalia chini, masharubu yakamcheza. "Kambini wamenipa jina," akasema. "Wananiita Mkate."

"Jina zuri. Wako watu wanaitwa vibaya zaidi."

Julai ya pili mzinga ukarudi. Safari hii ulikuwa na kipoza hewa kipya mgongoni, kimejitokeza kama nundu ya ngamia. Jeshi lilinitumia gari, na dereva akanipa karatasi ya mambo ya kujaribiwa siku hiyo, yamepigwa taipu yote kwa mpango, mwendo, shabaha, breki, redio, na la nane lilisema: unga wa mkate, sufuria moja, milango ifungwe. Fakhriya aliomba karatasi ile aitie kwenye fremu. Nilimkatalia, ninayo mpaka leo.

Kanali Khelef alianza kwa kuzunguka nyuma ya mahema yote, anachokoa chini ya kila turubai kwa bakora. Aliporidhika akasema mwenye mali apande. Basi Mahrous, wakili wa kampuni, akaingia na bishti yake, akakaa nyuma ya Musallam, sufuria yangu kaipakata mapajani kwa mikono miwili kama mtoto wa siku saba. Milango ikafungwa. Raundi kumi. Nilikaa na upawa mkononi muda wote, na Kanali kila mara alikuwa akiutupia jicho upawa ule. Alama chini ilikwenda rula, kumi juu ya kumi, ukitazama ungedhani mzinga umepita mara moja.

Walipofungua, Mahrous alikuwa anapiga chafya. Unga ulikuwa umepanda mpaka ukingoni mwa sufuria, umesimama hapo, haukumwagika tone. Nikaupika makaa chini makaa juu, ukatoka mweupe, una matundu matundu kama unavyotakiwa. Mzungu alikula vipande vinne, akaomba nimwandikie unavyofanywa. Nikamwandikia. Kipimo cha hamira nilikiacha ajitafutie mwenyewe, na yeye si alituachia theluji tujitafutie.

Jeshi likanunua. Mingapi, si kazi yangu. Mahrous alirudi Sur akaendelea na papa vile vile, akasema biashara ya dunia nzima ina majaribio mengi, papa hujaribiwa kwa pua tu, na anayeshindwa huliwa hivyo hivyo. Sikukuu zote sasa ananiletea fungu langu.

Siku ile ya jaribio la pili, wakati wa kuagana, Kanali Khelef alinijia jikoni na makombo kwenye ndevu. Mwaka mzima alikuwa hajui kuniita isipokuwa Mama wa Mkate, na jina langu mimi sikumpa, wala la mwanangu sikulitaja mbele yake hata mara moja.

"Umm Musallam," akasema, yaani mama yake Musallam.

Upawa ukanitoka.

"Ule mkate wako wa mwaka jana," akasema, anatazama pembeni, uso mkavu kama uwanda. "Ule wenye masharubu. Haujambo?"

Nikageuka nikamwona Musallam anashuka mzingani, mkavu, anajipangusa vumbi, anaulizia chakula.

"Haujambo, Kanali," nikasema. "Safari hii umeumuka vizuri."